Rangi Haifichi

Kosa la kwanza lilikuwa la kidole gumba. Nilikuwa nimeshika bodi ya gari kwa mkono wa kushoto, mkono wa kulia una brashi ndogo ya gundi, na tone moja likateleza kwa ndani ya paa, likatafuta njia yake hadi pale kidole changu kilipokuwa. Sikuliona. Nilipotoa mkono, kidole kilibanduka na kasauti kadogo, kama stika inayong'olewa kwenye kioo, na pale paa linaposhuka kwenda kukutana na buti pakabaki alama ya gumba langu. Mistari yote imetoka vizuri, utadhani nilikuwa naandikishwa kitambulisho.

Gundi ya plastiki siyo gundi kama tuliyoizoea. Gundi ya kiatu hukaa katikati ya vitu viwili ikavishika, kila kimoja kikabaki na uhai wake. Hii inayeyusha plastiki pande zote mbili, zinaingiliana, kisha inakauka na vipande viwili vinakuwa kimoja. Ndiyo maana ukiitumia vizuri huoni mahali pa kuungana. Ndiyo maana pia alama yangu haikuwa uchafu wa kufuta na kitambaa. Ilikuwa imeshakuwa sehemu ya gari.

Ilikuwa saa tano usiku, Tabata, meza ya jikoni. Mke wangu amelala. Nikafanya kile ambacho watu wazima hufanya wakikosea: niligeuka kutazama kama kuna aliyeniona.

Gari lenyewe ni Datsun Bluebird 1600 SSS, kwa kipimo cha moja kwa ishirini na nne, yaani sentimita ishirini na nne za gari halisi ni sentimita moja ya gari langu. Likikamilika linakuwa na urefu wa sentimita 17 hivi, unalishika kwa mkono mmoja. Limetengenezwa na kampuni ya Hasegawa ya Japani na linakuja vipande vipande ndani ya sanduku la karatasi ngumu: bodi nzima peke yake, halafu fremu kadhaa za plastiki ambazo vipande vimening'inia kama matunda kwenye matawi, kila kimoja na namba yake. Viti, usukani, rimu, taa, vifuta kioo vyembamba kuliko kijiti cha kiberiti. Kuna vioo, kuna tairi za mpira, na karatasi ya maelekezo ambayo maneno yake mengi sikuyaelewa lakini michoro yake hata mtoto angeifuata.

Juu ya sanduku limechorwa likitimua vumbi. Ni gari lililoshinda Safari Rally ya mwaka 1970, Edgar Herrmann, Mjerumani aliyekuwa akiishi Kenya, akiwa kwenye usukani na Hans Schüller akimsomea njia.

Mwenzangu wa chumba cha habari alikuwa anakwenda Tokyo kwenye mafunzo, nikampa pesa aniletee. Aliponiuliza nina shida gani na gari la plastiki nikamwambia ni pambo la ofisini. Nilimdanganya. Nilikuwa na deni la baba yangu, na sikujua namna nyingine ya kuanza kulilipa.

*

Baba yangu alikuwa fundi rangi. Siyo rangi za nyumba, rangi za magari. Kwa zaidi ya miaka thelathini alifanya kazi kwenye gereji moja pale Tanga mjini, na ukiniambia nifumbe macho nimfikirie baba, kinachonijia kwanza ni harufu, uso wake huja baadaye: thina, puti, na sabuni ya unga aliyotumia kusugulia mikono kabla ya kula. Chini ya kucha zake siku zote kulikuwa na rangi ya gari la wiki ile. Shuleni nilikuwa najua kama amepata kazi ya daladala au ya pikapu ya mtu kwa kuangalia vidole vyake akinipa nauli.

Hakunitaka gerejini. Watoto wa mafundi wenzake walikuwa wakienda likizo kushika spana na kupata hela ya soda, mimi nilifukuzwa. "Wewe kashike kalamu," alikuwa akisema, na hakuwa anatania. Nikashika kalamu. Nikaenda chuo, nikasomea uandishi wa habari, nikaajiriwa Dar es Salaam, nikaanza kuvaa mashati ambayo hayawezi kuingia gerejini. Kwa muda mrefu niliamini huo ndio mpango wake na kwamba umefanikiwa kwa asilimia mia. Sikuwahi kujiuliza inakuwaje kwa mtu kumsomesha mwanawe mpaka mwana awe hana la kumwuliza.

Sasa hilo deni.

Baba alikulia karibu na Mombo, chini ya milima ya Usambara, na alikuwa na hadithi moja ya utotoni aliyoisimulia kuliko zote. Safari Rally ilianza mwaka 1953, wakati wa kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na katika miaka ile haikuwa mali ya Kenya peke yake. Ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, baadaye Tanzania, kwenye barabara hizihizi ambazo watu waliendea sokoni. Ilifanyika Pasaka, wakati wa masika, na kwa hiyo mshindani wa kwanza wa kila dereva alikuwa ni tope. Watoto walikuwa wanajipanga barabarani tangu alfajiri. Kwenye hadithi ya baba, mahindi yalikuwa yamefika magotini, yeye na kaka yake walikuwa wamesimama juu ya kichuguu, na gari moja likapunguza mwendo pale penye kona kwa sababu ya utelezi. Ndani akamwona mtu mwenye kilemba. "Joginder," alikuwa akimalizia, na kupiga kofi paja lake. "Joginder Singh, ndani ya Datsun, umbali kama kutoka hapa mpaka kwenye lile jiko. Akatutazama."

Nimeisikia hadithi hiyo labda mara hamsini. Ya mara ya mwisho ilikuwa mwaka 2019, siku wageni walipokuja kuleta posa ya dada yangu. Mzee mmoja wa upande wa bwana harusi akataja magari, baba akapata mlango, akaingia na hadithi yake. Alipofika kwenye Datsun, mimi, mwandishi wa habari, msomi wa nyumba, simu ikiwa mkononi, nikasema mbele ya watu wote:

"Baba, hapo umechanganya. Joginder hajawahi kuendesha Datsun. Alishinda na Volvo mwaka 1965, halafu Mitsubishi mwaka 1974 na 1976. Datsun ni Herrmann na Shekhar Mehta."

Watu wakacheka kidogo, kile kicheko cha wageni. Mzee wa upande wa pili akasema, "Vijana wa siku hizi wana kila kitu kwenye simu." Baba akasema, "Basi itakuwa nimesahau," akamwita mama alete chai. Yaliyobaki ya siku ile yalikwenda vizuri na dada yangu ameolewa.

Miaka miwili baadaye, 2021, Safari Rally ilirudi kwenye mashindano ya dunia baada ya kutokuwepo tangu 2002, na mhariri wangu akaniomba makala ya historia yake. Nikaingia kwenye matokeo ya miaka ya nyuma, safari hii siyo orodha ya washindi peke yake. Nikakuta mwaka 1970: wa kwanza, Herrmann, Datsun 1600 SSS. Wa pili, Joginder Singh. Datsun 1600 SSS.

Nilikaa kimya pale ofisini kama mtu aliyeitwa jina lake na polisi. Siku ya posa nilikuwa nimesoma orodha ya washindi nikadhani ni orodha ya waliopita. Kosa hilo, angelifanya mwandishi chipukizi, ningemwita mezani kwangu. Gazetini tuna kona ya masahihisho, ukurasa wa pili, chini, na mimi mwenyewe nimewahi kuiandika mara nyingi: katika toleo letu la tarehe fulani tulisema hivi, usahihi ni hivi, tunaomba radhi. Inachukua mistari mitatu. Kwa baba sikuandika hata mmoja. Nilijiambia ni jambo dogo, ameshasahau. Makala ikatoka na sentensi nzuri kuhusu Joginder na Datsun, na baba hakuisoma, kwa sababu presha ya macho ilikuwa imeshaanza kumla na magazeti alikuwa ameyaacha.

*

Turudi mezani Tabata.

Ile alama ya gumba niliisugua kwa msasa mpaka nikaridhika. Ukiiangalia kwenye taa huioni. Kisha nikafanya kosa la pili, ambalo lilikuwa kubwa zaidi. Nilikwenda dukani, nikanunua kopo la rangi ya kupuliza, nyekundu, ya magari. Nikajiambia rangi ya gari ni rangi ya gari. Nikasimama kwenye kibaraza jioni, mvua inanyemelea, nikalipuliza gari langu kama mtu anayefukiza mbu, mkono mmoja mzito ili niwahi.

Asubuhi yake nikakuta gari limeugua. Sehemu za juu rangi ilikuwa imekauka na vipele kama ganda la chungwa. Ubavuni ilikuwa imelia, machozi marefu mawili yameganda juu ya mlango. Kwenye boneti kulikuwa na ukungu mweupe. Na kibaya kuliko vyote, plastiki yenyewe ilikuwa imeanza kuchanika vimistari vidogo vidogo, kama udongo wa bwawa lililokauka.

Nilikuwa na njia mbili. Ningeweza kutafuta video, zipo nyingi. Nikampigia baba.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Kwema huko?"

"Kwema. Baba, nina swali la rangi."

Akanyamaza. Nikasikia redio yake nyuma.

"Rangi gani?"

"Ya gari. Imetoa machozi, imetoa vipele, halafu imefanya ukungu."

"Nani kakupigia? Msimlipe."

"Nimepiga mwenyewe, baba. Gari la plastiki. Dogo, la kuunganisha. Urefu wake kama kalamu."

"La mtoto?"

"La kwangu."

Akanyamaza tena, nikajiandaa kwa kicheko. Hakucheka. Akapunguza redio. "Ulipiga praima?"

Sikupiga praima. Na hapo ndipo baba yangu, akiwa na miaka sitini na ushee, alipoanza kunifundisha kazi yake kwa mara ya kwanza, kwa simu, kwa gari asiloliona.

Nitaandika alichonifundisha kwa mpangilio, ingawa yeye alinipa kwa vipande kwa muda wa wiki sita, mara nyingine akinipigia mwenyewe saa kumi na mbili asubuhi kwa sababu amekumbuka kitu.

Ukungu mweupe ni unyevu. Thina inapopaa haraka inapoza uso wa rangi, maji ya hewani yanaganda pale, yanafungiwa ndani. Tanga na Dar es Salaam ni miji ya bahari. Usipulize rangi mvua ikiwa karibu, usipulize jioni. Subiri saa nne asubuhi, jua limeshakausha hewa lakini halijawa kali.

Machozi ni tamaa. Unataka mkono mmoja ufanye kazi ya mikono minne. Mkono wa kwanza wa rangi hautakiwi kufunika kitu, unatakiwa kuwa kama vumbi, ule wa pili upate pa kushika. Unasubiri. Ndipo wa pili, wa tatu. Mkono wako uanze kutembea kabla rangi haijatoka na usimame baada ya rangi kukatika. Ukianzia na kuishia juu ya gari, hapo unapogeuzia ndipo itakapolia.

Vipele ni umbali. Umesimama mbali mno, matone yanakauka njiani, yanafika yakiwa chembe. Na kopo likiwa baridi linatema, kwa hiyo liweke kwanza kwenye maji ya uvuguvugu, siyo ya moto, usije ukaungua nyumba.

Mipasuko ni kosa la kutomjua mgonjwa wako. Bati linavumilia thina kali. Plastiki inayeyuka kwa thina, na wewe umeimwagia bila praima katikati. "Gundi yako si inayeyusha plastiki?" akaniuliza, maana nilishamwambia. "Sasa rangi uliyonunua ina ndugu zake hao hao ndani."

Hilo la mwisho lilinishangaza. Hajawahi kushika gari la plastiki la kuunganisha maishani, lakini kutokana na maelezo yangu mawili matatu aliona ni nini kilichokutana na nini. Mimi nilikuwa na maelekezo yenye michoro na sikuona.

Tukaanza upya. Nilisugua rangi yote kwa msasa wa maji, kwanza namba 400, kisha 800, kisha 1000, nikichovya kwenye bakuli na kufuta, siku nne nzima, nusu saa kila usiku. Vidole vililainika kama vya mtu aliyefua mashuka. Plastiki ya Hasegawa ina mistari ya milango na boneti iliyochongwa kwa wembamba wa uzi, na ukisugua kwa pupa inafutika, gari linabaki kama sabuni iliyotumika. Baba akaniambia nichukue ncha ya wembe niipitishe kwenye ile mistari, polepole, kabla ya praima. Kazi hiyo gerejini huwa haipo, mlango ni mlango. Aliitunga hapo hapo kwenye simu.

Tukabishana pia. Nilimwambia kwamba kwa kipimo changu unene wa rangi nao unazidishwa: robo milimita kwenye gari langu ni sawa na milimita 6 kwenye gari halisi. Alikaa akaifikiria hiyo. "Milimita 6 hiyo siyo rangi, hiyo plasta," akasema. "Basi changanya nyepesi kama maziwa, siyo kama uji." Nikaachana na makopo, nikanunua rangi ya akriliki na brashi pana laini, halafu baadaye nikaazima kwa jirani mchora kucha kijipuliziaji chake kidogo chenye kompresa inayokoroma kama paka. Mikono mitano. Kati ya mkono na mkono, siku moja.

Siku nilipopiga mkono wa tatu nilimpa taarifa nzuri: rangi imekaa, inang'aa, imeficha ile mikwaruzo yote.

"Rangi haifichi," akasema. "Rangi ya kung'aa inatangaza. Bonde ambalo hulioni kwenye puti, utaliona siku gari limeng'aa na mwenye gari amekuja. Ukitaka kuficha, piga rangi isiyong'aa."

Kwenye gari hili vyote vipo. Bodi ni nyekundu ya kung'aa, boneti ni nyeusi isiyong'aa, na baba alijua sababu kabla sijamaliza kuuliza: ili jua lisigonge boneti likarudi kwenye macho ya dereva. Aliwahi kupiga boneti za namna hiyo kwa vijana wa mjini waliotaka magari yao yafanane na ya mashindano. "Walikuwa wanasema 'nipigie ya Safari.' Mie najua ni ya Safari, nimeyaona."

Akaishia hapo. Nilingoja aendelee na kichuguu, mahindi, kona. Akaniuliza kama mama watoto hajambo.

*

Nitapita haraka sehemu ya stika, ingawa ilinichukua jioni tatu. Zimechapwa juu ya karatasi maalumu. Unakata moja, unaichovya kwenye maji, inaachia, unaitelezesha mpaka mahali pake na kuikandamiza kwa pamba. Ukikosea unaongeza maji na kuisogeza. Ni hatua pekee ya kazi hii yenye huruma. Namba za mlangoni zilikaa, herufi zikakaa, vanishi juu yake, taa za ziada mbele, vioo vya pembeni kila kimoja kikiwa kidogo kama punje ya mchele. Nilichezea hata tope: vumbi la chaki ya rangi ya udongo nililopaka chini ya milango kwa brashi kavu, kwa sababu gari safi la Safari ni uongo.

Nikiwa kwenye hatua hizo niliwaza sana kwa nini Wajapani wanatengeneza kitu hiki. Jibu ni kwamba kwao hadithi hii ni kubwa. Nissan walianza kuleta magari Safari mwaka 1963, wakapigwa, wakarudi, wakapigwa. Mwaka 1969 ilitoka filamu nzima ya Kijapani kuhusu mashindano haya, nyota wake Ishihara Yujiro. Mwaka uliofuata ndipo wakashinda. Barabara za masika za nyumbani kwetu ndizo zilizowapa Datsun jina ambalo babu zetu walilitamka kama la ndugu. Huku kwetu Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Tanzania, alishinda mara mbili mfululizo kwa Peugeot 404, mwaka 1966 na 1967, na ukitaja jina lake leo kwa vijana kumi labda mmoja atakwambia amewahi kulisikia. Wenyewe tumebaki na wazee waliosimama juu ya vichuguu, na mmoja wao mimi nilimnyamazisha.

*

Nilikwenda Tanga wikendi moja ya mwezi wa sita. Gari lilikuwa kwenye sanduku la viatu, limezungukwa na pamba, sanduku liko mapajani. Kutoka Ubungo mpaka Tanga nililishika kama mtu aliyebeba mayai, na konda aliponiambia nitupe mzigo juu nilimtazama mpaka akaondoka.

Baba alikuwa barazani. Macho yake sasa yanaona mwanga na vivuli, na kwa upande wa kushoto yanaona zaidi kidogo. Baada ya shikamoo na maji ya kunywa nikamwekea gari mikononi.

Hakulileta karibu na macho kama nilivyotarajia. Alifumba macho kabisa. Nikakumbuka: hivyo ndivyo alivyokuwa akifanya gerejini, hata alipokuwa anaona vizuri kuliko mimi. Niliwahi kumwona kwa mlangoni kabla hajanifukuza, anapitisha kiganja chote juu ya ubavu wa gari lililopigwa puti, macho yamefungwa, uso umegeukia pembeni kama mtu anayesikiliza. Jicho linadanganywa na mwanga; kiganja kinasikia bonde ambalo jicho limelipita. Sasa kiganja kilikuwa kikubwa kuliko gari, kwa hiyo akatumia ncha za vidole. Boneti. "Hii ndiyo isiyong'aa." Kioo cha mbele. Paa. Milango, akihesabu mistari. Nilikuwa nimesimama pale kama ninayengoja matokeo ya darasa la saba.

Kidole chake kikafika pale paa linaposhuka kwenda kwenye buti. Kikasimama. Kikarudi nyuma. Kikapita tena.

"Hapa palikuwa na nini?"

Mwanga ulikuwa mzuri. Niliinama nikaangalia. Hakukuwa na kitu cha kuona.

"Kidole changu, baba. Gundi iliyeyusha. Nikasugua."

"Ulisugua pale palipoingia tu. Ukaacha kibonde." Alikuwa anatabasamu. "Ungejaza puti kwanza, kisha usugue pana, mpaka huku. Ukitaka jeraha lisisikike, unasugua na pasipo na jeraha."

Nilikuwa nimepanga nitakavyosema. Kwenye basi niliyaandika kichwani kama masahihisho ya ukurasa wa pili. Yakatoka hovyo.

"Baba, ile siku ya posa ya dada. Nilisema Joginder hajaendesha Datsun. Aliendesha. Mwaka 1970, Datsun kama hii hii, alikuwa wa pili. Mimi ndiye niliyekosea. Nimejua tangu mwaka 2021 na sikukwambia."

Aliendelea kushika gari. Mama, aliyekuwa anachambua mchele pale mlangoni, akaacha kuchambua.

"Mimi nilijua umesoma," baba akasema baada ya muda. "Nikasema basi, kama msomi amesema, nitakuwa nimeiota. Nilikuwa mtoto wa miaka kumi. Mtoto anaweza kuota kitu akadhani amekiona." Akageuza gari, akagusa tairi moja ikazunguka. "Nikaacha kuisimulia."

Sikuwa nimefikiria hilo. Nilifikiri nimemwaibisha, na aibu hupita. Sikujua kwamba alikuwa amekaa miaka yote ile barazani, macho yakipungua, huku hata kile alichokiona kwa macho mazima ya utoto akiwa amekitilia shaka kwa sababu yangu.

"Samahani baba."

"Tumeshamaliza," akasema, kwa sauti ile ya kufunga hesabu gerejini. Halafu: "Wa pili, eh? Alikuwa anakwenda kama wa kwanza."

Jioni wajukuu walikuja, watoto wa dada yangu, na gari likapita mkono kwa mkono chini ya ulinzi wangu. Baba akawasimulia. Mahindi yalikuwa yamefika mabegani safari hii, na Joginder hakutazama tu, alipunga mkono. Mama akaniangalia. Nikaomba niongezewe chai.

Gari nimeliacha Tanga, juu ya redio yake. Wiki iliyopita alinipigia saa kumi na mbili asubuhi. Mmoja wa wajukuu amekivunja kioo cha pembeni cha kulia, wamekitafuta chini ya makochi hawakioni, yeye amekipata kwa kupapasa mkeka. Amekihifadhi kwenye kiberiti.

"Ukija, njoo na ile gundi," akasema. "Na safari hii nitashika mimi, wewe utapaka."